Nani Atarudi Wiki Ijayo? Hotuba kuhusu klabu ya sataranji katika shule ya sekondari

Waheshimiwa wakuu wa shule, walimu wenzangu, wazazi mliofika, na ninyi vijana mliokimbilia viti vya nyuma: itifaki imezingatiwa.

Nimeombwa nizungumze juu ya kuanzisha klabu ya sataranji katika shule ya sekondari na kuiendesha. Kuanzisha hakuna ugumu. Tangazo moja, chumba kimoja, mbao chache na udadisi wa vijana, kazi imekwisha. Kuiendesha ndiko kwenye shughuli. Klabu nyingi huzaliwa kwa kishindo muhula wa kwanza. Ukipita muhula wa tatu unakuta mbao ziko juu ya kabati, kete zimechanganyika, na hakuna anayejua funguo anazo nani.

Nianze na hesabu. Weka vijana 20 mbele ya mbao 10. Mchezo ukiisha, tukiacha sare, 10 wameshinda na 10 wameshindwa. Haiwezekani vinginevyo. Sasa, mtu akifungwa kwenye karata atasema aligawiwa vibaya. Akifungwa kwenye mpira atamlaumu refa, au beki, au uwanja. Kwenye sataranji hakuna karata iliyofichwa wala dadu ya kurusha. Wote wawili wameanza na kete 16, wote wanauona ubao mzima. Aliyeshindwa ameshindwa kwa akili yake mwenyewe, au ndivyo anavyojiambia, tena yuko katika umri ule ambao kijana anaamini shule nzima inamtazama yeye tu. Kwa hiyo kila siku ya klabu nusu ya chumba inatoka na uchungu ambao haina wa kumtwika.

Basi klabu itaishi au itakufa kwa jambo moja: hao 10 watarudi wiki ijayo? Walioshinda hatuna haja ya kuwawaza. Hao hata ukifunga mlango watapita dirishani. Nasema hivi kwa sababu wengi wetu tunaanzia upande wa pili. Tunamtafuta kijana mmoja hodari, tunaijenga klabu kumzunguka, wengine wanageuka chakula chake. Mwisho wa mwaka tuna picha ya kombe ukutani na wanachama wanne.

Kabla ya mbao kuna mlango wa kubisha hodi, nao ni wa mkuu wa shule. Hapo ndipo tunapopenda kutoa ahadi. Tunamwambia sataranji inaongeza akili, itapandisha alama za hisabati, itawafanya watoto wawe wahandisi. Naomba tusiahidi hivyo, kwa sababu ahadi hiyo imeshapimwa. Mwaka 2016 taasisi ya Uingereza iitwayo Education Endowment Foundation ilitoa ripoti ya jaribio lililohusisha shule za msingi 100 na watoto zaidi ya 4,000. Baadhi ya shule zilipewa masomo ya sataranji, nyingine ziliendelea kama kawaida. Watoto walipopimwa mwaka mmoja baada ya masomo kwisha, waliofundishwa sataranji hawakuonekana kuwazidi wenzao katika hisabati.

Na kuna utafiti wa zamani zaidi unaotusaidia kuelewa kwa nini. Mwaka 1973 wanasaikolojia wawili wa Marekani, William Chase na Herbert Simon, waliwaonyesha wachezaji ubao kwa sekunde 5, kisha wakawaomba waupange upya kwa kumbukumbu. Kete zilipokuwa zimetoka katika mchezo wa kweli, bingwa aliwaacha wengine mbali sana. Kete zilipotawanywa ovyo ubaoni, ubingwa wake ukayeyuka, akawa sawa na mgeni. Kumbe alichokuwa nacho ni ujuzi wa sataranji, maelfu ya maumbo aliyokwisha kuyazoea, wala si kichwa kikubwa kinachofaa kwa kila kitu.

Mkuu wa shule akisikia hayo atauliza, sasa faida ni nini? Mjibu kwa ukweli. Vijana watakaa ana kwa ana kwa saa nzima bila simu. Wa kidato cha kwanza atamkabili wa kidato cha nne, na hakuna mwenye haki ya kupita mbele kwa sababu ni mkubwa. Mtoto ambaye miguu yake haimpeleki kwenye timu yoyote atavaa jina la shule. Na kifaa kikishanunuliwa kinadumu miaka. Hayo yanatosha kupata chumba. Ahadi ya alama za hisabati ina ubaya mwingine pia: matokeo ya mtihani yakitoka vibaya, klabu ndiyo ya kwanza kufungwa.

Chumba na siku. Hapa sina maneno mengi ila moja ninalisisitiza: siku isibadilike. Klabu ya kila Jumatano itamshinda mwalimu hodari anayetangaza siku mpya kila wiki. Yule aliyeshindwa wiki iliyopita yuko katikati, anataka kuja na hataki kuja. Ukimpa kisingizio cha kutojua siku, atakishika. Mwalimu ukiwa na dharura, awepo mwingine wa kufungua mlango. Na tafadhali, mlezi wa klabu si lazima ajue sataranji. Wapo walezi wasiojua farasi anakwendaje na klabu zao zinastawi, kwa sababu wanafika.

Vifaa. Msidanganywe na seti za mapambo zenye wafalme waliochongwa kama sanamu. Mtoto anashindwa kumtofautisha askofu na askari, anapoteza mchezo kwa sababu ya fundi wa kuchonga. Tumieni umbo linaloitwa Staunton, lililoanza kuuzwa London mwaka 1849, ambalo leo ndilo la mashindano duniani kote. Kete za plastiki nzito kidogo, mbao za kuviringisha, basi. Shirikisho la Sataranji Duniani, FIDE, linapendekeza mfalme awe na urefu wa sentimita 9.5 hivi, na miraba ya ubao iwe na upande wa sentimita 5 hadi 6. Seti ndogo kuliko hapo zinasukumana na mikono. Mkipata uwezo wa ziada, nunueni malkia wa akiba kwa kila rangi, maana askari akifika mwisho wa ubao hugeuzwa malkia, na huwa tunahangaika kutafuta kifuniko cha chupa.

Namna ya kutunza ni hii: mchezo ukiisha, kete zinapangwa tena ubaoni kama mnaanza upya, ndipo zinaingia mfukoni. Mraba ulio wazi unapiga kelele wenyewe. Ukiwaambia vijana wahesabu hadi 32, watakwambia wamehesabu.

Saa za mchezo, zile zinazompimia kila mchezaji muda wake, zinaweza kusubiri muhula wa pili. Zikija, ziwe za dijiti zinazoongeza sekunde kila mtu anapocheza. Wazo hilo lilisajiliwa na Bobby Fischer, bingwa wa dunia wa Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1980, na lilipunguza sana ule mwisho wa aibu ambapo mtu ana ushindi mkononi lakini dakika zimekwisha. Kwa kipindi cha shule pigeni hesabu hivi: dakika 10 kila mmoja na nyongeza ya sekunde 5. Mchezo wa hatua 60 utamgharimu kila mchezaji dakika 15 kwa jumla, yaani nusu saa kwa wote wawili. Mkiwa na saa nzima, dakika 15 na nyongeza ya sekunde 10. Hatua 60 zitakuwa dakika 50. Ratiba inajipanga.

Sasa siku ya kwanza. Chumba kimejaa. Wako wanaojua, wako wanaodhani wanajua, na wako waliofuata rafiki. Kosa kubwa la siku hii ni mwalimu kusimama ubaoni akaeleza aina zote 6 za kete zinavyokwenda, jinsi mfalme anavyojificha nyuma ya ngome, na jinsi askari anavyomla askari aliyempita. Baada ya dakika 40 hakuna aliyegusa kete, na wageni wote wamejiona wajinga.

Anzeni na askari peke yao. Askari 8 kwa 8, hakuna kingine ubaoni. Anayefikisha askari wake upande wa pili kwanza ameshinda; asiye na hatua ya kucheza amekwama. Mtoto anajifunza sheria hizo kwa dakika 3, na katika dakika ya 4 anacheza mchezo wa kweli wenye mtego wa kweli. Kisha ongezeni wafalme. Wiki ya pili ongezeni ngome. Juu ya hayo kuna sababu ya kina zaidi: José Raúl Capablanca wa Kuba, bingwa wa dunia kuanzia 1921 hadi 1927, alishikilia kwamba sataranji ijifunzwe kuanzia mwisho wa mchezo, kete zikiwa chache, ndipo urudi nyuma. Mimi nakubaliana naye kwa sababu ya kibinadamu tu. Kete zikiwa chache, aliyeshindwa anaona wapi ameshindwa. Zikiwa 32, anaona ukungu.

Wiki ya pili hiyohiyo, kabla mtu hajapata madhara, fundisheni kujikinga na ile chekimeti ya hatua 4, yaani kumbana mfalme asiweze kuokoka, malkia na askofu wakimvamia mfalme kupitia askari aliye mbele ya askofu wake. Kila shule ina kijana aliyeijifunza mahali na hajui kingine chochote. Atawafagia wageni wote kwa siku moja, na nusu yao hamtawaona tena. Kinga yake ni hatua moja au mbili. Mkishaifundisha, kijana yule atalazimika kujifunza sataranji.

Kuna jambo jingine ambalo ni zawadi kwa anayeshindwa, nalo ni sare ya mkwamo. Mchezaji amebaki na mfalme pekee. Mpinzani ana malkia, ana ngome, ana kila kitu, anacheka, anawaita marafiki waje waone. Anacheza haraka, na ghafla yule mfalme mpweke hana mraba wa kwenda, lakini pia hajapewa cheki, yaani hakuna kete inayomshambulia. Sheria inasema hiyo ni sare. Nusu pointi kwa mtu aliyenyang'anywa jeshi zima! Sijaona kelele katika chumba cha sataranji kama za dakika hiyo. Kwa sababu hiyo nawaomba muweke desturi: mwaka wa kwanza hakuna kusalimu amri. Mabingwa wanasalimu amri kwa sababu wanajua mwenzao hatakosea. Mwenzako wa kidato cha kwanza atakosea, tena anakimbilia kukosea. Cheza mpaka mfalme afe.

Sheria ya "ukigusa, cheza" iingie mapema lakini isiingie siku ya kwanza. Ukishaigusa kete yako kwa kukusudia, uichezee, isipokuwa umesema kwanza kwamba unairekebisha tu. Sheria hii inamaliza ugomvi kuliko mwalimu yeyote. Kuhusu hatua isiyoruhusiwa, FIDE inaamuru mpinzani aongezewe dakika 2, na kosa la pili ni kupoteza mchezo. Ndani ya klabu mimi ningeacha adhabu hiyo isubiri mpaka vijana waanze kujiandaa kwa mashindano rasmi.

Nafika mahali penye moyo wa jambo: nani acheze na nani.

Mkiwaacha vijana wajichagulie, wale hodari watacheza wenyewe kwa wenyewe, au watawawinda wageni kwa raha. Yote mawili yanaua klabu. Profesa wa fizikia aliyeitwa Arpad Elo alitengeneza mfumo wa alama ambao FIDE iliupokea mwaka 1970, na ndani yake kuna fundisho la kutuhusu. Mchezaji anayemzidi mwenzake alama 400 anatarajiwa kupata takribani pointi 9 kati ya kila 10. Katika klabu ya shule tofauti kati ya aliyejifunza nyumbani na aliyejifunza juzi ni kubwa kuliko hiyo. Mkiwakutanisha kila wiki, hakuna mchezo hapo. Kuna mmoja anayechoka kushinda na mwingine anayechoka kuja.

Zipo dawa. Ya kwanza ni ya zamani: hodari atoe kete kabla ya kuanza. Katika karne ya 19 ilikuwa kawaida kabisa. Paul Morphy wa New Orleans, aliyekwenda Ulaya mwaka 1858 akawashinda karibu wote aliokutana nao, alicheza michezo mingi bila farasi mmoja au bila ngome moja ili mpinzani apate nafasi. Leo tunaona kama ni kumdharau mwenzako, na ni hasara. Mkiwa na saa, toeni muda badala ya kete: hodari dakika 3, mgeni dakika 12. Nimeona vijana waliokataa kete wakikubali dakika bila neno.

Ya pili ni ngazi. Majina yanapangwa kwa mpangilio, kila mtu ana haki ya kumpinga aliye juu yake nafasi moja hadi tatu, akishinda wanabadilishana. Inachangamsha sana. Lakini mimi ngazi siipendi ikibandikwa ukutani, kwa sababu ina kitako, na mtu wa kitakoni anasoma jina lake hapo kila anapopita kwenda darasani. Ikae ndani ya daftari la katibu. Anayetaka kujua nafasi yake aulize.

Ya tatu ndiyo ninayoipenda kuliko zote, mfumo wa Uswisi. Ulitumika katika mashindano ya sataranji mjini Zürich mwaka 1895, na leo ndio unaoendesha mashindano mengi makubwa ya wazi. Kanuni yake ni nyepesi: katika kila raundi unakutana na mwenye pointi sawa na zako au karibu na zako, na hukutani na mtu mmoja mara mbili. Hakuna anayetolewa. Sasa tazameni inavyofanya kazi kwa yule tunayemjali. Kijana ameshindwa raundi ya kwanza. Ya pili anakutana na mwingine aliyeshindwa. Akishindwa tena, ya tatu anakutana na aliyeshindwa mara mbili. Mfumo wenyewe unamtafutia mtu wa saizi yake. Wachezaji 16 wanapata mshindi mmoja asiye na doa kwa raundi 4, na 32 kwa raundi 5, sare zisipoingilia. Mngetaka kila mtu akutane na kila mtu, wachezaji 16 wangehitaji raundi 15 na michezo 120. Chezeni raundi moja kila wiki na mna shindano la mwezi mzima, linalompa kila mtu sababu ya kurudi. Namba ya wachezaji ikiwa witiri, msimwache mtu akae bure apewe pointi ya huruma. Mlezi akae ubaoni naye. Hapo ndipo mlezi asiyejua sataranji anakuwa mtu muhimu kuliko grandimasta, mwenye cheo cha juu kabisa cha sataranji.

Baada ya mchezo kuna dakika 5 ambazo klabu nyingi huzipoteza. Wachezaji wanapeana mikono, mmoja anakimbilia kutangaza matokeo, mwingine anakusanya kete kimyakimya. Wekeni desturi ya kuchambua. Wawili wanabaki ubaoni, wanarudisha mchezo hadi pale ulipogeuka, na aliyeshindwa ndiye anayeuliza maswali. "Hapa uliogopa nini?" "Ningecheza ngome ungefanyaje?" Mara nyingi inagundulika kwamba aliyeshinda naye hakuwa ameona. Kwa ajili hiyo vijana wajifunze kuandika hatua mapema, mistari ya herufi a hadi h na namba 1 hadi 8. Mchezo usioandikwa haurudishwi, na maumivu yake yanabaki bila maelezo.

Kuna mchezo wa watu wanne, mbao mbili, ambao vijana wataugundua hata msipowaambia: kete unayoila unampa mwenzako wa ubao wa pili, naye anaidondosha popote. Ni kelele, ni fujo, ni furaha. Uruhusuni dakika 15 za mwisho na mchanganye hodari na mgeni katika kila jozi. Msipoweka mipaka utaimeza klabu yote.

Kuhusu simu na kompyuta nitasema kwa ufupi. Mwaka 1997 kompyuta ya Deep Blue ilimshinda Garry Kasparov, bingwa wa dunia, kwa pointi 3.5 dhidi ya 2.5. Leo programu iliyo katika simu ya kawaida inamzidi bingwa yeyote aliye hai. Kwa hiyo simu ndani ya chumba cha mchezo zizimwe na ziwe mbali na meza, kama sheria za FIDE zinavyotaka. Nje ya chumba ni neema. Lichess ni tovuti ya bure isiyo na matangazo, na klabu inaweza kuunda kundi lake humo, ikapata mazoezi ya mitego bila mwisho. Ila msihamishie klabu huko. Mtandaoni mtu akishindwa anabonyeza mchezo mwingine, hakuna anayemuuliza kitu. Na ikitokea kijana amesaidiwa na programu katika shindano la klabu, futeni mchezo, mzungumze naye pembeni, yaishe. Jina lake lisitajwe mbele ya wenzake.

Wasichana. Nimekaa na klabu ambazo mlezi analalamika kwamba wasichana hawapendi sataranji, na ukikaa naye nusu saa unasikia mwenyewe sababu. Mvulana ameshindwa, na chumba kizima kinamzomea: umepigwa na msichana! Sentensi hiyo inawafukuza watu wawili kwa mkupuo mmoja.

Si jambo jipya. Mwaka 1929 katika mashindano ya Karlsbad, Vera Menchik, bingwa wa dunia wa kwanza wa wanawake, alialikwa kucheza na wanaume. Mchezaji wa Vienna, Albert Becker, akatania kwamba yeyote atakayefungwa na mwanamke huyo aandikwe mwanachama wa "Klabu ya Vera Menchik". Mwanachama wa kwanza akawa Becker mwenyewe. Baadaye akaingia Max Euwe wa Uholanzi, aliyefungwa naye, kisha mwaka 1935 akamshinda Alexander Alekhine, bingwa wa wakati huo, na kuwa bingwa wa dunia. Na Euwe alikuwa mwalimu wa hisabati katika shule ya wasichana mjini Amsterdam. Mvulana atakayelia kwamba amepigwa na msichana, mwambieni yuko klabu moja na bingwa wa dunia.

Kwa vitendo: msimwalike msichana mmoja peke yake akakae kati ya wavulana 15. Waalikeni watatu au wanne wanaofahamiana. Na uongozi wa klabu uwe na wasichana tangu siku ya kwanza, kabla hata hamjajua nani anacheza vizuri.

Mashindano na shule nyingine yakija, timu ya mbao 4 na mchezaji mmoja wa akiba inatosha. Hata Olimpiadi ya sataranji inachezwa hivyo. Wachezaji wachaguliwe kwa matokeo, bila kuangalia kidato. Mwaka 2012 ubingwa wa taifa wa shule za sekondari za Marekani ulichukuliwa na I.S. 318 ya Brooklyn, ambayo ni shule ya kati, watoto waliowashinda kaka na dada zao. Lakini kabla ya safari, pigeni simu kwa mlezi wa shule ile nyingine mkakubaliane kuongeza mbao za kirafiki kadiri usafiri unavyoruhusu. Mechi 4 rasmi, 10 za kirafiki. Yule wa nafasi ya 14 akisafiri mara moja akiwa amevaa sare ya shule, mmempata kwa miaka yote iliyobaki.

Miaka hiyo si mingi, na hapo ndipo sekondari inapotofautiana na klabu ya mtaani. Kila mwaka wanaojua kila kitu wanahitimu na kuondoka. Klabu iliyoendeshwa na wa mwaka wa mwisho pekee inazikwa siku ya mahafali yao. Kila kazi iwe na watu wawili, mmoja wa kidato cha juu na mmoja wa chini anayejifunza: wa vifaa, wa ratiba, wa kufundisha wageni. Mwenyekiti asiwe lazima mchezaji bora. Ningependa awe mtu anayekumbuka majina.

Na katibu awe na daftari la mahudhurio, lakini asilitumie kuwaadhibu wasiofika. Kila baada ya kikao, yeye na mlezi wakae dakika 10 walisome kwa jicho moja tu: nani alipoteza michezo miwili mfululizo, kisha hakuonekana? Huyo aendewe. Asiendewe na mwalimu, atadhani ameitwa kwa kosa. Amwendee mwanafunzi mwenzake, ikiwezekana yule aliyemshinda, amwambie anataka marudiano na kwamba safari hii atatoa ngome. Wengi wanarudi. Wachache hawarudi, nao ni haki yao.

Mengine ya bajeti na fomu za shule tutayamaliza katika maswali. Asanteni kwa kunisikiliza.